Kitabu cha Pikapu Kuukuu: Vidokezo kwa Mwenye Gari wa Miasenyi

Malori ya kontena hayaishi kupita Miasenyi, mchana na usiku. Lakini ukikaa kidogo kando ya barabara ya Mombasa utaona na gari la aina nyingine likija taratibu, limejibana upande wa kushoto: Peugeot 504 imebeba madumu ya maji, Datsun 1200 ina mbuzi na magunia ya pojo, au Land Rover ya tangu enzi za Mzee Kenyatta inaelekea Buguta na Kasigau. Hayo si magari ya maonyesho. Yanalisha watu na kusomesha watoto, na kwa kawaida sheria haikubali gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo hili ulilo nalo likifa, hutaagiza jingine kama hilo kutoka ng'ambo.

Spea za magari haya bado zinapatikana, na zisipopatikana wapo mafundi wa kuzichonga. Kinachopotea ni vipimo: tapeti ziwekwe ngapi, hedi ikazwe kwa nguvu gani na kwa mpangilio upi, waya wa kahawia unatoka wapi unakwenda wapi. Mafundi waliokuwa navyo kichwani wanastaafu, na vijana wengi wamefundishwa kwa Toyota Probox. Vipimo hivyo vimeandikwa, tena vizuri sana. Kazi ni kuvipata.

1. Jua una gari gani, usitegemee logbuku peke yake

Logbuku itakupa mwaka, nambari ya chesisi na nambari ya injini, na ni pa kuanzia pazuri. Nambari ya usajili nayo inasema jambo: isiyo na herufi ya mwisho ni ya kabla ya mfululizo wa KAA ulioanza 1989. Lakini karatasi hutangulia ukweli au huchelewa nyuma yake. Fungua boneti.

Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, usugue kibati cha kiwandani mpaka kutu na rangi ya kupuliza viondoke. Nambari zikiwa zimefifia, paka chaki nyeupe juu yake kisha ufute kwa kiganja. Chaki itabaki kwenye mikwaruzo na herufi zitajitokeza. Washa tochi ukiishika kwa ubavu, si kuielekeza moja kwa moja, ndipo upige picha. Kwenye Toyota kibati hicho kina mstari wa modeli, wa injini, wa fremu, wa rangi, na mmoja unaotaja giaboksi na ekseli. Modeli ndiyo inayofungua milango yote. Ukimwambia mtu una "Hilux ya zamani" hujamwambia kitu. Ukimwambia LN106, ameshajua ni ya dizeli, inavuta kwa magurudumu manne, na ni ya kizazi gani.

Fanya hivyo hivyo kwa chesisi na kwa injini yenyewe. Nambari ya injini imegongwa kwenye bloku, mara nyingi mahali palipojaa grisi. Osha.

2. Fuata chuma, si jina la ubavuni

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Pikapu za kwetu zimepitia mikono mingi. Peugeot inaweza kuwa na injini ya Toyota, Datsun 1200 iliyotoka kiwandani na injini ya A12 ya cc 1171 inaweza kuwa leo na A14 au A15, na giaboksi ikawa ya tatu kabisa. Kitabu cha 504 hakitakusaidia kufunga hedi ya 2L ya Toyota. Hapo unahitaji vitabu viwili: cha injini uliyo nayo, na cha gari lililoizunguka, yaani breki, usukani, difu na taa.

Hata injini iliyo asili ina ndugu zake. Chukua Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, yenye injini ya lita 2.25. Mpaka 1980 krenkshafti yake ilikaa juu ya beringi kuu 3. Baada ya hapo zikawa 5. Kwa nje injini hizo zinafanana mno. Kitabu kilichochapishwa 1975 hakijui habari ya beringi 5, na ukinunua seti ya beringi kwa kukisoma kitabu hicho utakuwa umetupa pesa. Tazama mwaka wa chapa ndani ya jalada kabla hujalipa.

Peugeot 504 nayo ina mtego wake. Saluni ilianza kuuzwa 1968, pikapu ikafuata 1979, na sehemu ya nyuma ya magari hayo mawili haifanani: saluni nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, pikapu ina ekseli moja ngumu ya kubebea mzigo. Vitabu vingi vya 504 vimeandikwa kwa ajili ya saluni. Sura ya injini itakufaa sana. Sura ya nyuma, achana nayo.

Kama injini imebadilishwa na logbuku haijui, hiyo ni kazi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ni afadhali uimalize kabla hujakutana na askari kwenye kizuizi cha barabarani Voi.

3. Omba kitabu kwa aina yake

Watu husema "kitabu cha gari" kana kwamba ni kimoja. Kuna kijitabu cha mwenye gari, kile kilichokaa kwenye droo ya dashibodi: kinakupa aina ya oili, upepo wa tairi, fyuzi na ratiba ya sevisi. Kuna mwongozo wa karakana, ambao kiwanda kiliwaandikia mafundi wake. Huo ndio mnene, na kwa Toyota mara nyingi umegawanywa, injini kitabu chake, chesisi na bodi kitabu chake. Kuna katalogi ya spea, yenye michoro ya kila kitu kikiwa kimefunguliwa na kutawanywa, na nambari ya kila kipande. Halafu kuna vitabu vya wachapishaji wa nje ya kiwanda kama Haynes.

Nikiambiwa nichague kimoja tu, nitachukua katalogi ya spea. Mchoro wake unakuonyesha washa ipi inatangulia ipi, na ile nambari ya kipande utaitumia dukani Mombasa, Nairobi, hata Dubai, bila kubishana na mwenye duka.

Haynes ana historia iliyopita karibu na kwetu. John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza aliyepelekwa Aden, ng'ambo ya bahari yetu, na huko ndiko, 1965, alikomsaidia mwenzake kuifungua na kuiunga upya Austin-Healey Sprite huku akipiga picha kila hatua. Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kikatoka 1966. Kampuni yake ilitoa cha 504 ya petroli na kingine cha 504 ya dizeli, kwa hiyo angalia vizuri jalada. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba haitatoa tena vitabu vipya vya karatasi, na kwa magari ya zamani zilizobaki ni nakala zilizokwisha kuchapishwa.

Kwa Land Rover una bahati zaidi: Brooklands Books wa Uingereza wamechapa upya miongozo ya kiwanda yenyewe, na hiyo unaweza kuiagiza ikiwa mpya.

4. Tafuta gari lako kwa majina yake ya ugenini

Gari moja, majina mengi. Isuzu KB iliitwa Faster huko Japani na Chevrolet LUV huko Marekani. Isuzu TFR tuliyoizoea ilikuwa Holden Rodeo kwa Waaustralia. Mazda ya mfululizo wa B iliuzwa Marekani kwa jina la Ford Courier. Datsun 1200 ni Sunny Truck kwa Wajapani, na Waafrika Kusini waliendelea kuiunda wakiiita Nissan 1400 mpaka 2008. Hilux, Wamarekani waliiita Toyota Pickup tu, basi.

Ukiandika "Hilux" peke yake kwenye simu utakosa nusu ya vilivyopo. Andika pia "bakkie" kwa Afrika Kusini na "ute" kwa Australia. Nchi hizo mbili zinaendesha kushoto kama sisi, zina joto, vumbi na barabara za mchanga, na waandishi wake wanalijua hilo. Vitabu vya Gregory's na vya Max Ellery kutoka Australia ni bora kwa Hilux ya dizeli kuliko kitabu chochote cha Marekani, kwa sababu Wamarekani walipenda petroli, usukani wao uko upande wa pili, na injini zao zimejaa mabomba ya kuzuia moshi ambayo yako haikuwahi kuwa nayo.

5. Gonga milango ya karibu

Kabla hujapanda gari kwenda mbali, fika Voi. Coast Institute of Technology inafundisha ufundi, na mahali panapofundishwa ufundi huwa na rafu ya vitabu. Wakati mwingine vile vya zamani ndivyo visivyosumbuliwa na mtu. Nenda kwa adabu, jitambulishe, eleza una gari gani, uliza kama waweza kusoma pale pale na kunakili kurasa chache. Karakana za mashamba makubwa ya mkonge upande wa Mwatate nazo zimetunza magari kwa miongo mingi, na stoo ya shamba haitupi karatasi ovyo. Ongea na msimamizi wa karakana, si mlinzi wa geti. Ukiweza, mpelekee kitu: picha safi ya kurasa anazozikosa yeye.

Kwa Isuzu kuna mlango mwingine. Kampuni iliyoziunganisha Nairobi, General Motors East Africa, ndiyo leo inayoitwa Isuzu East Africa, tangu 2017. Ukiwapa nambari ya chesisi iliyo kamili, watu wa spea wana pa kuanzia.

6. Panda treni

Miasenyi ina stesheni yake kwenye reli ya kisasa, SGR, na treni ya kaunti kwa kaunti inasimama hapo. Itumie. Ukishuka Mombasa, zunguka maduka ya spea ya zamani, yale yenye droo za mbao na mzee nyuma ya kaunta. Mengi yaliuza vipuri vya Peugeot 404 na 504 magari hayo yalipokuwa mapya. 504 za Kenya ziliunganishwa papo hapo Mombasa, kwenye kiwanda cha AVA. Usiulize "mna kitabu?" Uliza, "Mzee, ile katalogi mliyokuwa mkiagizia, bado mnayo?" Swali la pili linafungua makabati.

Nairobi, pitia Barabara ya Kirinyaga kwa spea, kisha wauza vitabu wa mitaani wanaotandika vitabu chini, ambao Wanairobi huwaita inama bookshop. Vitabu vya magari hukaa chini kabisa ya rundo kwa kuwa ni vizito. Inama kweli. Na kama unaweza kupanga safari iangukie siku ya Concours d'Elegance, shindano la magari la Alfa Romeo Owners Club lililoanza 1970 na ambalo hufanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, utawakuta mahali pamoja watu wenye vitabu unavyovitafuta. Wanapenda kuulizwa.

7. Mtandaoni, pakua ukiwa mjini na ukague kabla ya kulipa

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani 1996, ina miongozo mingi ya zamani ambayo watu wameiskani kurasa kwa kurasa, na unaisoma bila malipo. Anza hapo. Andika jina la gari, mwaka, kisha "workshop manual" au "parts catalogue".

Faili hizi ni nzito. Zipakue Voi penye mtandao wa nguvu, uziweke kwenye simu na kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa sababu ukifika njia ya Kasigau na gari limezima, mtandao haukungoji. Anayekuuzia faili kwa M-Pesa mwambie akuonyeshe kwanza kurasa tatu unazozitaja wewe: yaliyomo, jedwali la nguvu za kukaza, na mchoro wa waya. Mchoro wa waya ndio unaokatwa katikati mara nyingi, maana kwenye kitabu ulikuwa umekunjwa.

8. Usikimbie Kifaransa

Peugeot ilifikiriwa kwa Kifaransa, na vitabu vyake vizuri viko kwa lugha hiyo. Revue Technique Automobile imekuwa ikitoa uchambuzi wa magari tangu 1946, na ya 404 na 504 zimo. Namba hazina lugha, michoro haina lugha, na maneno yanayorudiwarudiwa hayazidi ukurasa mmoja wa daftari. Simu itakutafsiria ukiielekeza kwenye ukurasa. Madereva na mafundi kutoka Kongo na Burundi wanaopita barabara hii wanasoma Kifaransa na wengi wamekulia ndani ya 404. Karibisha chai, uliza.

Kuna jambo kwenye vitabu hivyo ambalo mtu aliyezoea Toyota hulikosa. Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa klachi. Silinda ya kwanza ya 504 iko nyuma, karibu na kioo cha mbele cha dereva, si mbele karibu na feni. Ukitafuta msukumo wa silinda ya kwanza upande wa feni kisha ukarudisha distributa, cheche zitakuja nusu mzunguko wa distributa nje ya wakati, na utasukuma gari mpaka jioni. Tena hizo injini za petroli zina laini zinazoguswa na maji moja kwa moja: hedi ikishatoka usizungushe injini kabla ya kuzibana laini, zisije zikainuka na kuharibu sili za chini. Mambo hayo mawili peke yake yanatosha kulipia kitabu.

9. Fundi mzee aulizwe kwa makini

"Mzee, Datsun hii tapeti unaweka ngapi?"

"Baridi au moto, mwanangu?"

Akikujibu kwa swali kama hilo, vuta kiti. A12 inawekwa milimita 0.35 ikiwa moto na 0.25 ikiwa baridi. Land Rover ya petroli ya 2.25 ni 0.25 kwa zote, moto au baridi. 504 ya petroli yenye injini ya XM7 ni 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa, injini ikiwa baridi. Mzee huyo anavyo vyote kichwani, na pengine hajawahi kuviandika. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu wakati anafanya kazi, aseme anachokifanya na kwa nini. Kisha linganisha na kitabu. Wakitofautiana, usimfokee wala usimpuuze, muulize sababu. Mara nyingi ana sababu: spea ya siku hizi si ile ya zamani, au joto la huku limemfundisha jambo ambalo mwandishi wa Ulaya hakuliona.

Na magari yaliyounganishwa nchini yalitumia baadhi ya vitu vya hapa, kama vioo, betri, viti na springi. Hapo kitabu cha ng'ambo kitanyamaza na fundi ataongea.

10. Jihadhari na vipimo

Vitabu vya Kiingereza vya zamani huhesabu nguvu ya kukaza kwa pauni-futi. Vya Kijapani vya zamani vinatumia kilo-mita. Toki renchi ya dukani leo imeandikwa nyutoni-mita. Pauni-futi 1 ni nyutoni-mita 1.36, kilo-mita 1 ni nyutoni-mita 9.8. Kwa hiyo bolti ya kilo-mita 7.5 ni kama nyutoni-mita 74. Piga hesabu kwa utulivu, uandike jibu kwa kalamu pembeni ya ukurasa, na umwombe mtu wa pili aipige tena. Bolti ya hedi ikikatika ndani ya bloku, hasara yake ni ya wiki nzima bila gari.

Kwenye jedwali la oili, soma safu ya nchi za joto. Kitabu cha Uingereza hutanguliza majira ya baridi yao.

11. Kitabu kifike gereji

Faili iliyolala kwenye simu haimsaidii fundi mwenye mikono ya grisi. Chapisha kurasa unazozitumia: jedwali la vipimo, mpangilio wa kukaza hedi, breki, mchoro wa waya. Mchoro wa waya uchapishwe kwenye karatasi kubwa ya A3, kisha upake kila waya rangi yake kwa penseli za watoto. Zitie ndani ya plastiki, uzifunge kwenye faili, uziweke nyuma ya kiti.

Kando yake weka daftari. Andika kila kilichobadilishwa, tarehe, nambari ya kipande na duka. Gari la injini ya kuazima halina kitabu chake popote duniani isipokuwa hicho utakachokiandika wewe.

Na ukiwa na mwongozo wa 404, wa 504, wa Datsun au wa Land Rover umelala kwenye sanduku la marehemu baba huko Sagalla, Mwatate au Maungu, usiuachie mchwa. Upige picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, penye mwanga mzuri, na nakala moja umpe fundi wa gereji iliyo jirani nawe wiki hii.